Kilomita ya 25 inanishinda, na Moshi inakaribia

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini u mzima. Mimi ni msomaji wa safu yako, naishi Igombe huku Ilemela, Mwanza. Nina miaka 38, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi mwaloni mitumbwi ikirudi, naanika, wakikauka napeleka soko la Mwaloni Kirumba kuuza.

Mbio nilianza kwa ajili ya kitambi. Nilijiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu, tunakimbia Jumamosi asubuhi, nikanogewa. Mwaka huu nilikimbia kilomita 21 kwenye Rock City Marathon nikamaliza kwa saa 1 na dakika 55. Furaha ikanizidi, nikajiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi mwishoni mwa Februari. Sasa zimebaki wiki kumi.

Kinachonisumbua ni ile mbio ndefu ya Jumapili. Programu niliyoipata kwenye simu inataka nifikishe kilomita 32 kabla ya siku ya mashindano. Natoka Igombe, napita Airport, Pasiansi, naenda hadi simu isome 16, nageuza. Kwenda sina shida kabisa. Natumia dakika 5 na nusu kwa kilomita, mwili mwepesi, hata salamu za watu najibu. Shida ni kurudi. Kuanzia kilomita ya 22 mapaja yanakuwa magumu na nasikia baridi, Mwalimu, baridi juani. Nikikaribia Airport, kwenye kilomita ya 24 au 25, miguu inagoma. Nikisema nitembee kidogo nivute pumzi, kuanza tena siwezi, hata goti halinyanyuki. Naishia kupanda bodaboda. Jumapili iliyopita kijana wa boda aliniuliza, "Braza, unaumwa?" Nilishindwa kumjibu kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka.

Nikifika nyumbani naingia ziwani, nakaa maji yanifike kiunoni nipoze miguu, hapo napata nafuu. Mama watoto ananiangalia tu. Juzi ameniambia kama nataka kumwachia watoto nimwambie mapema.

Labda nikueleze na ratiba yangu. Jumamosi nakimbia na klabu, kasi ni ya kukimbizana. Jumapili naamka saa tisa usiku kama siku zote za kazi, naenda kusubiri mitumbwi. Nikishanunua na kuanika, saa tatu asubuhi ndio naanza kukimbia. Nakunywa chai ya rangi kikombe kimoja, kwa kuwa nikila tumbo linanisumbua. Maji nanunua njiani nikizidiwa.

Klabuni kila mtu na lake. Mmoja ananiambia ni woga tu, mbona Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa Olimpiki, alimaliza goti likiwa limefungwa bendeji. Mwingine kanipa vidonge vya diklofenaki, eti nimeze viwili kabla ya kutoka, sitasikia kitu. Mzee mmoja anasema dawa ni kukimbia 42 zote mazoezini kabla ya kwenda Moshi, ili mwili uzoee na moyo uamini.

Naomba unisaidie. Nikimbie hizo 42 za majaribio? Au nikubali kuwa mimi ni mtu wa 21, nibadilishe usajili mapema?

Mkimbiaji wa Igombe

*

Marahaba ndugu yangu. Barua yako nimeisoma hadi mwisho, nikarudi juu nikaisoma tena, kwa sababu jibu la swali lako umeliandika mwenyewe, pale uliposema unaamka saa tisa usiku. Umelitaja kama jambo la pembeni. Kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote uliyoandika.

Nianze na majibu ya haraka, maana najua unayasubiri. Usikimbie 42 za majaribio. Usibadilishe usajili kwa sasa. Vidonge mrudishie mwenyewe. Na ziwani usiingie tena kupoza miguu. Sasa nieleze, na nitakaa zaidi kwenye hilo la saa tisa.

Tuitazame Jumapili yako. Hata kama unawahi kulala saa tatu usiku, umelala kwa saa sita tu. Unafika mwaloni, unasimama gizani unasubiri. Mitumbwi ikigusa mchanga unagombea ndoo, unabeba, unainama na kuinuka mara mia ukitandaza dagaa kwenye chanja kabla jua halijawa kali. Saa tatu, unapofunga kamba za raba, una saa sita za kazi mwilini na kikombe cha chai ya rangi tumboni. Programu ya simu haiyajui hayo. Imeandikwa kwa mtu anayeamka kitandani, anakula kitu, anafungua mlango na kuanza kukimbia. Wewe umekuwa ukianza mbio ndefu pale ambapo mwenzako huyo angekuwa anaelekea kumaliza. Kwa hiyo kufika kilomita ya 25 katika hali hiyo hakuonyeshi udhaifu. Kunaonyesha una mwili mgumu, na ndiyo maana nasema 42 utaziweza.

Sasa sikiliza. Wewe mtu wa dagaa una kitu ambacho mkimbiaji wa ofisini hana: una mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa hazina kazi mwezi ukiwa umejaa. Siku hizo mitumbwi inakaa ufukweni, nyavu zinashonwa, na wewe unalala hadi kuche. Kila mwezi unapewa siku kadhaa za kulala usingizi kamili, nawe umekuwa ukizipita kana kwamba ni sawa na siku za giza, kwa sababu programu inasema "Jumapili". Nani kasema mbio ndefu ni lazima Jumapili? Hiyo ni desturi ya watu wanaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Ratiba yako inafuata mwezi, basi na mazoezi yako yafuate mwezi.

Fanya hivi. Mbio zako kubwa, zile za kuanzia kilomita 26 kwenda juu, zote ziweke kwenye mbalamwezi, ukishalala vizuri usiku usiopungua mbili mfululizo. Chagua siku ya mwezi mpevu au mojawapo ya siku mbili tatu zinazofuata, maana siku hizo alfajiri mwezi bado uko juu na barabara inaonekana. Toka saa kumi na moja alfajiri. Januari jua la Mwanza huchomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi, kwa hiyo utakuwa umepata karibu saa mbili za ubaridi kabla halijakugusa, na saa mbili na nusu umemaliza. Linganisha na kuanza saa tatu na kumaliza saa sita mchana jua likiwa utosini. Hata hivyo, mwezi hautoshi kukufanya uonekane na madereva. Vaa kile kizibao kinachong'aa wanachovaa bodaboda, na kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari uyaone yakija mbele yako.

Wiki za giza, zikubali zilivyo. Humo mbio yako ndefu iwe kilomita 16 hadi 18, siku ambayo umelala kuliko nyingine. Kama una mdogo wako au mwenzako wa kazi anayeweza kukushikia zamu ya mwaloni usiku mmoja, mwombe, nawe umlipe kwa kumshikia yake. Siku nyingine kimbia jioni, dakika 40 au 50, taratibu. Hutapoteza kitu. Mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Unajengeka ukilala baada ya kukimbia, na huo usingizi ndio uliokuwa unaukosa.

Kwa hizo wiki kumi utapata mbalamwezi mbili, pengine tatu. Ya kwanza fikisha 26. Ya pili fikisha 30, na ukijisikia vizuri kabisa malizia 32. Weka ukomo wa saa tatu na nusu za kukimbia: zikifika, simama hata kama simu inasoma 28. Mbalamwezi ikiangukia ndani ya wiki mbili za mwisho kabla ya Moshi usiitumie kwa mbio kubwa. Lala tu. Wiki tatu za mwisho unapunguza kilomita hatua kwa hatua, unabaki na mbio fupi, miguu ipone.

Kasi nayo nina neno nayo. Umesema 21 ulimaliza kwa saa 1:55. Gawanya, utapata karibu dakika 5 na sekunde 27 kwa kilomita. Na mbio ndefu unakwenda kwa dakika 5 na nusu. Ndugu yangu, hayo si mazoezi. Kila Jumapili unakimbia nusu marathon kwa kasi yako ya mashindano, halafu unaomba miguu ikuongezee kilomita 11. Hata mwenye usingizi wa kutosha angeomba boda.

Mtu mwenye muda wako wa 21, akijiandaa vizuri na akiwa mgeni wa marathon, namtarajia Moshi kati ya saa 4 na robo na saa 4 na nusu. Hiyo ni kama dakika 6 na kitu kwa kilomita. Mazoezi ya mbio ndefu yanatakiwa yawe taratibu kuliko hapo: dakika 6 na nusu hadi 7. Utajiona kama unatembea. Wa klabu watakupita, acha wapite. Kipimo ni mdomo wako: uweze kusimulia habari nzima, sentensi ndefu, bila kukata maneno kutafuta hewa. Ukishindwa, punguza.

Najua ugumu wa kukimbia taratibu kwa mtu aliyezoea kukimbizana. Lakini mtazame Alphonce Simbu alivyochukua dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, Septemba 2025. Saa 2, dakika 9, sekunde 48, na Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili akaandikiwa muda huohuo. Ilibidi watenganishwe kwa picha. Dhahabu ile ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ilitokana na mtu aliyeweka nguvu hadi hatua za mwisho kabisa uwanjani. Wewe umekuwa ukiziacha zako Pasiansi.

Na siku moja kabla ya mbio kubwa usikimbizane na klabu. Kama mbio inaangukia Jumapili, Jumamosi nenda ukawasalimie, kimbia nao zile dakika za mwanzo za kupasha mwili, kisha rudi nyumbani. Wakikucheka ni sawa.

Sasa chakula. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo hata kwa mtu aliyeshiba huelekea kwisha karibu na kilomita ya 30. Ile ya kwenye ini hupungua usiku kucha hata ukiwa umelala. Ongeza kazi ya mwaloni, ongeza kasi ya mashindano, utaona kwa nini wewe inaisha 24. Mtumbwi ukiishiwa petroli katikati ya ziwa, fundi hafungui injini. Anauliza mlijaza kiasi gani.

Siku mbili kabla ya mbio kubwa ongeza wanga kwenye kila mlo. Wala huhitaji kitu cha dukani. Uko Usukumani: michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vimewalisha wakulima wa huko vizazi na vizazi, na viazi vitamu ni wanga mzuri. Wali, ugali, mihogo, ndizi, vyote sawa. Jioni ya mwisho kula mapema, punguza maharage na mafuta, sato wa kuchemsha anatosha. Alfajiri saa kumi kunywa uji mwepesi wenye sukari na kipande cha mkate au kiazi. Umesema ukila tumbo linakusumbua. Linasumbua kwa sababu hujalifundisha, na kwa sababu kasi yako inanyima tumbo damu. Anza na nusu kikombe cha uji kabla ya zile mbio fupi za jioni, ongeza kidogokidogo. Ukipunguza kasi, tumbo nalo litatulia.

Njiani kula kabla hujasikia njaa. Kuanzia dakika ya 40, kila nusu saa weka kitu mdomoni: ndizi moja ndogo, au tende tatu nne. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi ya kawaida ina kama 25. Kinywaji tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Ndiyo ileile tunayompa mtoto anayeharisha. Usizidishe chumvi. Kunywa kwa kiu, funda mbili tatu kila mara. Usijilazimishe lita juu ya lita, maana maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji waliodhani wanafanya jambo jema.

Chupa utazibebaje? Acha kwenda na kurudi njia moja ndefu. Chora mzunguko wa kilomita nane au kumi unaopita karibu na nyumbani, uzunguke mara tatu. Chupa na ndizi zikae kwenye kigoda mlangoni. Faida nyingine, mama watoto atakuona kila baada ya saa moja na kitu, ukiwa mzima. Nadhani hilo litamtuliza kuliko maneno yoyote utakayomwambia. Mwombe awe ndiye anayekupa chupa, na mpe ruhusa ya kukusimamisha. Ukifika mlangoni na kumjibu kwa maneno yasiyoeleweka, mbio imeisha, hakuna kubishana.

Hapo nafika kwenye ile baridi juani. Hilo limenitia hofu. Mtu anayekimbia kwenye jua la saa tano halafu anasikia baridi na kutetemeka, mwili wake hauko salama. Inaweza kuwa sukari imeshuka, inaweza kuwa joto limemzidi, na huku kanda ya ziwa inaweza kuwa malaria. Yote matatu, jibu la papo hapo ni moja: simama, ingia kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, kunywa kitu chenye sukari, piga simu uchukuliwe. Ikija na kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa, usipelekwe nyumbani, upelekwe hospitali. Kijana wa boda alikuuliza swali la maana sana.

Ndiyo maana habari ya Akhwari naomba isitumiwe hivyo. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika marathon ya Olimpiki, Mexico City, mwaka 1968, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na aliingia uwanjani wa mwisho akichechemea, giza likiwa limeingia. Namheshimu kwa moyo wangu wote. Lakini yule alikuwa kwenye mashindano makubwa kuliko yote, amevaa jina la nchi, siku moja ambayo isingerudi. Hakuna mtu anayemvisha mwenzake mzigo huo kwa mazoezi ya Jumapili barabara ya Airport. Mazoezi yakikataa unarudi nyumbani, kesho yapo.

Vidonge: diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofen hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu anayetoka jasho kwa saa tatu bila maji ya kutosha, figo zake tayari zina kazi. Ukimeza viwili kabla ya kutoka unaziumiza, na maumivu ambayo yangekuonya unayafumba mdomo. Anayekupa hana nia mbaya, lakini hajui anachogawa.

Na mzee wa 42, mweleze kwa heshima. Marathon nzima inavunja misuli kiasi kwamba huchukua wiki kadhaa kupona. Ukiikimbia mazoezini utafika Moshi na miguu iliyotumika. Anachokitafuta, yaani moyo kuamini, utakipata kwenye ile 30 ya mbalamwezi ukiimaliza bila kutetemeka, ukiwa bado na uwezo wa kuongeza moja. Jambo moja la Moshi lifanyie kazi zaidi kuliko umbali: nusu ya pili ya njia hupanda kuelekea Mweka kabla ya kushuka mjini. Igombe na Airport ni tambarare mno. Mara moja kwa wiki, siku unayopeleka mzigo Kirumba, tafuta mlima. Barabara ya kupanda Bugando inatosha. Panda taratibu, shuka taratibu, nusu saa, basi. Kushuka nako ni zoezi. Mapaja yasiyozoea kushuka ndiyo yanayogoma kilomita za mwisho.

Nimeliacha ziwa mwisho kwa sababu naona lina uzito kuliko unavyodhani. Unakaa kwenye maji ya ufukweni hadi kiunoni, na kazi yako yenyewe inakuingiza majini kila alfajiri. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria, na vijidudu vyake vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila wewe kuhisi. Cha huko hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini. Mtu anaweza kukaa nacho miaka, dalili ikiwa uchovu tu, tumbo kusumbua, damu kidogo chooni, na wingi wa damu kushuka. Soma tena barua yako: tumbo linasumbua, miguu inaishiwa. Siwezi kukupima kwa barua, na huenda sababu ni usingizi na chakula tu kama nilivyoeleza. Lakini mkimbiaji mwenye upungufu wa damu hata apange vipi, atagonga palepale kila wiki.

Kwa hiyo miguu ipoze kwa maji ya bomba kwenye beseni kivulini, au maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili. Mwaloni vaa mabuti ya mpira marefu. Na wiki hii, kabla ya mbalamwezi ijayo, nenda kituo cha afya upime vitu vitatu: wingi wa damu, malaria, na kichocho kwa choo kikubwa. Kichocho kikionekana, dawa yake ipo, praziquantel, unapewa kulingana na uzito wako. Waeleze pia kuwa unafanya mazoezi ya marathon, wakupime na presha.

Majibu yakiwa safi, anza na 16 za taratibu wiki hii hii, kwa dakika 7, na uji tumboni. Yakiwa na tatizo lolote, weka raba kando, tumia dawa, kisha niandikie. Nitakupangia upya wiki zitakazobaki, na kama itabidi mwaka huu iwe 21, nitakwambia wazi.

Mwalimu